Somo: Kutabiri wingi wa spishi za vipepeo, kutoka Karura hadi Ngong

Chagua kundi moja tu la wadudu. Nashauri vipepeo: hutambulika kwa macho, na wengi wa msituni huvutwa na mtego wa ndizi zilizochacha.

1. Gawa eneo katika miraba iliyo sawa. Mraba mkubwa hubeba spishi nyingi kwa ukubwa wake tu.

2. Hapa ndipo kazi ilipo. Msitu wa Karura, Nairobi, hutembelewa na wengi wenye kamera. Shamba la mtu kule Kitengela nani amelipekua? Ukitumia idadi ghafi, modeli (fomula ya kutabiri tutakayoijenga) itatabiri walikopita watu, si wanakoishi vipepeo. Kwa hiyo andika siku za mtego kwa kila mraba, kisha piga hesabu ya Chao, inayokadiria spishi ambazo hukuziona. Tuseme umepata spishi 40: kati yake 12 zina kipepeo mmoja mmoja, na 6 zina wawili wawili. 12 mara 12 ni 144. Gawa kwa mara mbili ya 6, upate 12. Basi mraba una spishi zisizopungua 52 hivi. Pengo kati ya ulizoona na makadirio likiwa kubwa mno, rudi ukatege tena kabla ya kuuingiza mraba huo kwenye modeli.

3. Kusanya vigezo: mvua, halijoto, mwinuko, ukijani wa mimea uonekanao kwa setilaiti, aina za mimea. Mwinuko na halijoto huenda pamoja (kila mita 1,000 joto hushuka nyuzi 6 hivi), kwa hiyo chagua kimoja.

4. Kwenye R, programu ya takwimu, anza na modeli ya Poisson (ya vitu vinavyohesabika), siku za mtego zikiwemo. Mtawanyiko ukizidi wastani sana, hamia binomia hasi, modeli inayoruhusu mtawanyiko huo.

5. Usiipime modeli kwa miraba ya kuokota ovyo, majirani hufanana. Ficha upande mzima wa vilima vya Ngong, ufundishe modeli kwa kwingine, ndipo uilinganishe.

Mwalimu, tukipanda Ngong spishi hupungua moja kwa moja?
Si lazima. Kwenye milima mingi huongezeka hadi katikati, kisha hupungua. Kama ulichagua mwinuko, ongeza pia mwinuko wa kipeo cha pili (mwinuko mara mwinuko), ili modeli iweze kupanda kisha kushuka.

Rekodi za zamani za makumbusho zinafaa?
Zinafaa sana, ila soma lebo. Ikisema "Nairobi" tu, hujui ni mraba upi, na msitu wa wakati huo huenda leo ni maghorofa.

Naweza kuipeleka modeli hii Mombasa?
Hapana, ndugu yangu. Haijawahi kuona joto la pwani. Tega huko kwanza.