Jinsi ya kusoma hitilafu za moshi kwa mashine kabla hujapeleka gari kukaguliwa

Naanza na hili maana ndo linawaangusha wengi: usifute hitilafu yoyote kwanza kwa mashine, yaani kile kifaa cha kuchomeka na kusoma kompyuta ya gari. Taa ya injini ikiwaka mtu anakimbilia kufuta, taa inazima, kesho yake asubuhi anapeleka gari kwenye ukaguzi wa moshi na anarudishwa, kwa sababu ukifuta hitilafu umefuta pia majibu ya vipimo vyote ambavyo kompyuta ya gari ilikuwa imeshajipima yenyewe, na mkaguzi analiona hilo wazi kwenye mashine yake.

Haya. Zima gari, tafuta soketi ya OBD, yaani ile ya kuchomekea mashine, ina matundu 16 na mara nyingi iko chini ya dashibodi upande wa dereva, inama umulike na tochi utaiona. Gari ndogo zinazouzwa Marekani zinayo zote kuanzia za mwaka 1996, Ulaya za petroli kuanzia 2001. Chomeka mashine, washa swichi bila kupiga stata, subiri isomane na kompyuta.

Soma hitilafu zilizohifadhiwa, kisha soma na zile zinazosubiri, yaani kompyuta imeshaona tatizo ila haijalithibitisha. Ziandike zote kwenye karatasi. Usiruke ile rekodi ya papo hapo (freeze frame), inakuonyesha hitilafu ilipoingia injini ilikuwa na joto gani, spidi ngapi, mzunguko ngapi, na kwa gari inayomisi, yaani injini inaruka kuchoma petroli (namba ya hitilafu P0300), hiyo ni nusu ya kazi, maana kumisi ikiwa bado ya baridi na kumisi ukiwa unapanda mlima ni vitu viwili tofauti.

Namba haikwambii ununue nini jamani. P0420 inasema masega ya ekzosi (katalitiki) hayasafishi moshi inavyotakiwa, na mimi nilibaki kidogo tu ninunue mapya, nikaingia chini ya gari wakati injini ndo kwanza imewashwa nikasikia tsi tsi tsi kwenye jointi ya ekzosi, kuangalia gasketi imeungua na bolti zimezungukwa na masizi meusi, kumbe hewa inaingia pale inaidanganya sensa ya oksijeni. Nikabadilisha gasketi, basi. P0171, hewa imezidi petroli, kagua mipira ya hewa kwanza. P0455 ni mvuke wa petroli unavuja, anza na mfuniko wa tenki.

Ukishatengeneza ndo ufute. Kisha endesha siku kadhaa, mjini na barabara kuu, gari ilale mpaka ipoe kabisa, na tenki lisiwe tupu wala limejaa pomoni maana kipimo cha mvuke hakitaanza. Rudi kwenye mashine ufungue ukurasa wa utayari (readiness) uone vipimo vimekamilika, halafu pitia tena zinazosubiri, namba ileile ikiwa imerudi pale usipeleke gari hata kama taa haijawaka.