Unahamia Ujerumani? Angalia sana pale fomu inapouliza dini

Nipo Dar kwa likizo, na vijana wanaojiandaa kwenda Ujerumani wananiuliza makanisa yako wapi. Makanisa yapo tele, mtayaona. Ninachowaomba mkisikie kwanza ni habari ya fomu.

Ukishahamia kwenye nyumba una wiki mbili za kuandikisha anwani yako ofisi ya mji. Chukua miadi mapema, beba pasipoti na barua ya mwenye nyumba. Kwenye ile fomu kuna sehemu ya dini. Sisi tuliolelewa kwenye makanisa ya Dar, Azania Front la Walutheri au St. Joseph la Wakatoliki, tukiulizwa dini tunajibu bila kusita. Nami nilijibu: Mlutheri. Karani hakusema neno. Mshahara wa kwanza ulipotoka, nikakuta makato ambayo hakuna aliyewahi kunieleza: kodi ya kanisa.

Kodi hii ipo kwenye katiba yao tangu 1919. Majimbo ya Bavaria na Baden-Württemberg ni asilimia 8, kwingineko asilimia 9, na inapigwa juu ya kodi ya mapato, si juu ya mshahara wote. Ukikatwa kodi ya mapato ya euro 300, kwa asilimia 9 kanisa linachukua 27, kila mwezi, kabla hela haijakufikia. Hii si bahasha ya ahadi ambayo mambo yakibana unamwomba mzee wa kanisa akusubiri. Anayekata ni mwajiri. Wakatoliki na Walutheri hawakwepi. Wapentekoste kwa kawaida hawatozwi.

Narudia: ukijaza dini pale, umejaza taarifa ya kodi. Na usidanganye ukidhani umepona. Watu wa kodi ya kanisa wanaangalia ubatizo. Luca Toni, yule Mwitaliano aliyekuwa mshambuliaji wa Bayern Munich, alidaiwa kodi ya kanisa ya nyuma inayozidi euro milioni moja.

Kujitoa kanisani kunawezekana. Unakwenda mwenyewe mahakamani au ofisi ya usajili, kutegemea jimbo, na kwa kawaida unalipa ada ndogo. Cheti utakachopewa kitunze maisha yako yote, maana unaweza kudaiwa uthibitisho miaka mingi baadaye. Ila Mkatoliki afikiri mara mbili: tangu 2012 maaskofu wa kule wametamka kwamba aliyejitoa hapokei ekaristi wala hasimami kuwa msimamizi wa ubatizo. Mimi sikujitoa. Kulipa hakuniumi, kimeniuma kukatwa bila kuambiwa.

Kutafuta kanisa ni rahisi. Miji mingi midogo imeweka vibao vya saa za ibada barabarani unapoingia, na ibada ya Jumapili huisha ndani ya saa moja hivi. Kanisa kuu la Köln anayekwenda kusali anaingia bure. Unalipia kupanda mnara, ngazi 533. Kanisa kuu la Berlin linatoza watalii, lakini anayekwenda kusali halipi, kwa hiyo nenda saa ya ibada.

Jiandae kukuta viti vitupu. Mwaka 2022 waliolihama Kanisa Katoliki peke yake walizidi laki tano. Kwa maoni yangu, kodi imewafanya wengi waone wamemalizana na kanisa siku ya mshahara. Ukikosa ibada mwezi mzima hakuna mwanajumuiya atakayekuja kugonga mlango kukujulia hali, na upweke huo unakausha imani kuliko baridi. Mtafute Mwafrika mwenzako usharikani wiki ya kwanza, msisubiriane.

Nanyi mama zangu na shangazi zangu wa Tabata na Mbagala, picha za makanisa yale ya mawe zisiwadanganye. Kijana wenu hakupewa ufunguo wa hazina. Msimtajie kiasi kwenye harambee ya paa kabla hamjamuuliza, maana kanisa la kule limeshachukua lake.

Mwenye safari mwezi huu aombe barua ya utambulisho usharikani au parokiani kwake. Halafu amuulize mwajiri atakatwa kodi ya mapato kiasi gani, apige asilimia 8 au 9 yake kutegemea jimbo, akae na mchungaji au paroko waongee, aamue akiwa bado Dar.