Kuhariri picha za infraredi: anza na nyasi, anga litafuata

Picha iliyopigwa kwa filta ya nanomita 720 hufunguka kwenye kompyuta ikiwa nyekundu tupu. Haijaharibika. Filta hiyo huzuia karibu mwanga wote tunaouona, na miale ya infraredi inayopita, ambayo macho hayaioni, hujaa zaidi kwenye chaneli nyekundu, mojawapo ya tabaka tatu za rangi (nyekundu, kijani, bluu) zinazounda picha ya kamera. Tofauti za rangi zipo, ila ni ndogo na zimefunikwa.

Faili iwe RAW, yaani data ghafi ya kamera ambayo haijabanwa kuwa JPEG. JPEG ina biti 8 tu kwa kila chaneli, na rangi ikivutwa kwa nguvu inayohitajika hapa anga hukatika mistari mistari.

Hatua inayoamua yote ni mizani ya weupe, yaani kuiambia programu nyeupe ni ipi. Hapa nyeupe ni nyasi. Klorofili haifyonzi infraredi ya karibu, na nafasi za hewa ndani ya jani huirudisha kwa wingi. Ndiyo maana miti ya msitu wa Karura, Nairobi, hutoka kama imemwagiwa unga. Fungua picha kwenye RawTherapee, ambayo ni ya bure. Nenda sehemu ya White Balance, bonyeza Pick, kisha bofya nyasi mbichi zilizopigwa na jua. Epuka kivuli na mabaka yaliyokauka, kwa sababu hayo hurudisha mwanga kwa namna nyingine na picha nzima itaegemea rangi isiyofaa. Ukipatia, majani yatakuwa karibu meupe na anga kahawia kama strungi.

Kwenye Lightroom, programu ya Adobe, wengi hukwama papa hapa. Kitelezi cha joto la rangi kinaishia 2000 na picha bado ni nyekundu. Dawa yake ni kuigeuza picha kuwa DNG, aina ya faili ghafi ya Adobe, kuifungua kwenye DNG Profile Editor ya Adobe, kushusha kitelezi chake cha joto hadi -100, kisha kuhifadhi mpangilio huo kama wasifu (profile) wa kamera na kuuchagua ndani ya Lightroom. Hufanywa mara moja kwa kila kamera.

Sasa punguza chembechembe za rangi (noise), hifadhi kama TIFF ya biti 16, uifungue kwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha. Ingia Colors, Components, Channel Mixer. Kwenye chaneli nyekundu weka nyekundu 0 na bluu 1. Kwenye chaneli ya bluu weka nyekundu 1 na bluu 0. Kijani usikiguse. Photoshop hutumia asilimia, kwa hiyo 1 huwa 100. Anga la kahawia litageuka bluu, na majani yatabaki meupe au yenye unjano hafifu. Picha yote ikigeuka bluu, mizani ya weupe haikukaa sawa: umebadilisha wekundu mtupu kwa ubluu mtupu. Rudi kwenye nyasi. Kuongeza kolezo la rangi (saturation) hakutasaidia.

Unjano wa majani upunguze peke yake kwa Hue-Saturation, ukichagua njano tu. Utofauti wa giza na mwanga uongeze taratibu, maana mawingu na majani huungua upesi. Milima ya Ngong ikiwa mbali kwenye picha, tayari itaonekana wazi kuliko kwa macho, kwa kuwa infraredi hupenya ukungu mwepesi vizuri zaidi. Usiisukume tena.

Doa la mwanga katikati ya picha hutoka kwenye lenzi: miale hurukaruka ndani yake, na kadiri tundu la lenzi linalopitisha mwanga linavyozibwa ndivyo doa linavyokolea. Dogo hufutika kwa kuchagua duara lenye kingo laini na kushusha mwanga nusu stopu hadi stopu moja (stopu moja ni kuupunguza mwanga kwa nusu). Likiwa na mpaka mkali, kulifuta ni mateso. Rudi ukapige kwa tundu pana zaidi, f/5.6 badala ya f/16, au ubadili lenzi.

Picha za Julai, Nairobi ikiwa imefunikwa na mawingu wiki nzima, hazina anga la kugeuza bluu hata ukibadilisha chaneli mara ngapi. Hizo zipeleke kwenye nyeusi na nyeupe, pamoja na zote za filta ya nanomita 850, ambayo karibu haiachi tofauti ya rangi yoyote. Kwa hizo, tumia chaneli yenye chembechembe chache zaidi, ambayo mara nyingi ni nyekundu, kabla hujaibadilisha na bluu.