Namna ya kuanzisha kikundi cha vijana balehe kijijini: mwongozo kutoka Muheza

Kabla ya kumwita kijana hata mmoja, jitambulishe katika ofisi ya mtendaji wa kijiji, kisha upige hodi kwa yule mama ambaye wasichana wa kitongoji humwita somo. Katika vijiji vya Muheza, kama ilivyo sehemu nyingi za mkoa wa Tanga, kungwi na somo ndio waliomfunda mwari alipovunja ungo, na ukianza kazi bila wao utaambiwa umekuja kuwafundisha watoto uhuni. Mwombe awemo tangu kikao cha kwanza, na mkubaliane kwamba mambo ya chanjo na tiba yatasemwa na mhudumu wa afya wa zahanati.

Kikundi kisizidi vijana 15. Wenye miaka 10 hadi 14 wasichanganywe na wale wa miaka 15 hadi 19, na katika vikao vya mwanzo wavulana wakae peke yao, kwani mtoto wa kiume naye ana maswali kuhusu mwili wake ambayo hatayauliza mbele ya dada zake. Vikao vifanyike baada ya shule na kabla ya muda wa chuoni, yaani madrasa. Msimu wa machungwa ukifika, wavulana wengi huenda kuchuma na kupakia malori. Badala ya kuwaandika watoro, wahamishieni kikao siku nyingine.

Kikao cha kwanza cha wasichana kiwe cha hedhi, tena chenye kazi ya mikono: kitambaa cha pamba, flana, mkasi, sindano na uzi, ili kila mmoja aondoke na pedi aliyoishona mwenyewe. Wakiwa wanashona, waelezwe kwamba damu hutoka kwa siku 2 hadi 7, na kwamba katika miaka ya mwanzo mzunguko huweza kuwa wa siku 21 hadi 45, hivyo tarehe kupishana si ugonjwa. Pedi ibadilishwe kila baada ya saa 4 hadi 6, ifuliwe kwa sabuni na maji safi, kisha ianikwe juani mpaka ikauke kabisa. Ugumu uko hapo kwenye kuanika, wala si kwenye kushona: msichana huona haya, akaificha chini ya godoro au akaifunika kwa kanga kwenye kamba, ikabaki na unyevu. Somo aliye hodari hutenga ua wenye jua nyuma ya nyumba yake na kamba moja ambayo wasichana wote wanaruhusiwa kuitumia. Damu ikizidi siku 7, au maumivu yakimzuia kwenda shule, aende zahanati.

Stadi za maisha hazishiki kwa hotuba. Chukua jambo wanaloliona kila siku, kwa mfano dereva wa bodaboda anayempa mwanafunzi lifti ya bure, baada ya siku chache akamnunulia chipsi, na mwishowe akadai malipo. Waliigize. Mwanzoni watacheka, na anayeigiza msichana atakataa kwa sauti isiyosikika, mrudishe aseme tena, amesimama wima, bila kuomba radhi: "Ahsante kaka, natembea na wenzangu." Kisha muulize mmoja wa wasichana angemwambia nani nyumbani. Swali hilo, kwa maoni yangu, huzaa mazungumzo kuliko mada yoyote iliyoandikwa kwenye chati.

Mhudumu wa afya aeleze chanjo ya HPV, ambayo ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018 na huwakinga wasichana dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Wazazi nao wajulishwe kwamba tangu mwaka 2021 mwanafunzi aliyeacha shule kwa sababu ya ujauzito anaruhusiwa kurejea masomoni, kwa kuwa wapo wanaodhani bado amefukuzwa moja kwa moja.

Usiahidi kutunza kila siri. Kijana akieleza kwamba amebakwa au anapigwa, mpe taarifa afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi, au piga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto. Aliyebakwa afikishwe kituo cha afya mara moja, kwani dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72. Asioge kwanza, na nguo alizovaa zisifuliwe. Ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi na ziende pamoja naye.