Kurudisha mikutano ya ana kwa ana ya wapenda elektroniki Mwanza

Kundi likishazoea kuonana kwenye simu tu, wanaotaka kulirudisha huanza kwa kuitisha kikao cha kuchagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Watu wanakuja, wanachaguana, wanabishania michango, wanaondoka bila kugusa hata waya. Viongozi watapatikana baadaye. Anzeni na meza yenye kazi: redio zilizokufa, taa za sola zisizochaji, bodi ndogo za kielektroniki za kupangia programu (Arduino na ESP32), na mtu mmoja anayejua pa kuanzia.

Jumamosi inavutia, lakini Kanda ya Ziwa ina Wasabato wengi na mtawakosa wote kwa mpigo. Jumapili saa 8 mchana hadi saa 11 jioni inawakuta waliotoka kanisani wameshakula, na inawaachia wa pembezoni, kama Buhongwa, Kisesa na Igoma, muda wa kupata daladala kabla ya giza. Mkishachagua, siku isibadilike. "Jumapili ya kwanza ya mwezi" inakumbukwa, "tutatangaziana" haikumbukwi. Wakija wanne, fanyeni na hao wanne.

Dole gumba la WhatsApp si ahadi. Wiki moja kabla, wapigieni watu sita na kila mmoja mpeni kitu cha kuleta: huyu mita ya kupimia volti (multimeter), yule ekstensheni, mwingine risasi ya kulehemu. Anayejua kwamba kitu chake kinasubiriwa haachi kuja kirahisi. Na semeni mapema kwamba hakuna posho wala nauli, maana swali hilo litakuja tu.

Darasa la shule linatosha. Barua imfikie mkuu wa shule wiki mbili kabla. Kagueni soketi, madirisha na dari. Mvua ya Novemba au Aprili ikipiga bati lisilo na dari, mzungumzaji hasikiki hata na aliye mstari wa mbele. Ndiyo sababu nyingine ya kupanga kazi za mikono badala ya mada.

Umeme unataka hesabu. Soketi ya ampea 13 kwa volti 230 inatoa karibu wati 3,000. Vifaa sita vya kulehemu vya wati 60 ni 360, laptopu nane za wati 65 ni 520: jumla 880, chini ya ampea 4. Hapo hakuna tatizo. Tatizo ni birika la chai la wati 2,000 kuchomekwa kwenye ekstensheni hiyohiyo, hasa ile ya bei rahisi yenye waya mwembamba, au ile ya gurudumu ambayo haikukunjuliwa. Waya uliojiviringa hauna pa kutolea joto, na plastiki yake huyeyuka. Kunjueni wote, na baada ya nusu saa shikeni plagi: ikiwa ya moto, punguzeni mzigo.

Umeme ukikatika, ruta (kifaa cha Wi-Fi) ya volti 12 inaendeshwa na betri ya UPS, kile kifaa cha akiba ya umeme cha kompyuta, ya volti 12, Ah 7 (ampea-saa). Hiyo ni Wh 84 (wati-saa), ila betri ya aina hii, ya madini ya risasi (lead-acid), msiitumie zaidi ya nusu. Ruta inayokula wati 12 itakaa saa tatu na nusu. Someni kwanza maandishi ya ruta, kwani nyingine ni za volti 9 au 5, na wekeni fyuzi ya ampea 2 kwenye waya chanya, karibu na betri.

Bando lisitegemewe. Mafaili ya ESP32 yanayoongezwa kwenye Arduino IDE, programu ya kuandikia kodi za bodi hizi, peke yake ni mamia ya MB, na watu kumi wakipakua pamoja mkutano unaishia hapo. Wekeni kwenye flashi mbili mafaili hayo, Arduino IDE ya Windows na ya Linux, pamoja na draiva ya CH340, chipu ya USB iliyo kwenye bodi nyingi za bei rahisi.

Kinachokula muda zaidi ni bodi kutoonekana kwenye kompyuta. Badilisheni waya wa USB kwanza: nyingi ni za kuchajia tu, hazina nyaya za data. Kisha draiva. Arduino Nano ya bei rahisi ikionekana lakini ikakataa kupokea programu, chagueni "Old Bootloader" kwenye menyu ya Processor ya Arduino IDE. ESP32 ikikwama kwenye "Connecting", bonyezeni kitufe cha BOOT mpaka ianze kupokea. Isipoiona hotspoti ya simu, huenda hotspoti iko kwenye GHz 5. ESP32 ya kawaida inasikia 2.4 tu.

Kwenye kulehemu, feni ivute moshi kutoka usoni mwa mtu, na kila mmoja anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa karanga.

Sanduku la vifaa likae kwa anayeishi karibu na ukumbi. Wengi humkabidhi mwenye gari, na mwenye gari ndiye anayesafiri kila Jumapili.