Kamera ya kwanza ya DSLR kwa bajeti ndogo: chagua lenzi kwanza, bodi itafuata

Anayenunua kamera ya kwanza ya DSLR, yaani yenye kioo ndani na lenzi inayobadilishwa, mara nyingi humalizia pesa zote kwenye bodi mpya (kamera yenyewe bila lenzi), akaridhika na lenzi yoyote aliyoikuta ndani ya boksi. Matokeo huonekana jioni ya kwanza ndani ya nyumba: picha zimetikisika, zimejaa chenga, na lawama inaiangukia kamera. Bodi ya DSLR iliyotoka miaka kumi iliyopita bado inapiga picha safi, lakini lenzi dhaifu hubaki dhaifu hata ukiifunga kwenye bodi ya jana. Kwa hiyo gawa hivi: nusu ya pesa au pungufu kidogo iende kwenye bodi, sehemu kubwa ya kinachobaki iende kwenye lenzi, na salio ulitunze kwa betri ya pili, kadi na begi.

Kwa mgawanyo huo, bodi itakuwa iliyotumika, na si vibaya. Canon na Nikon wamehamishia nguvu zao kwenye kamera zisizo na kioo hicho cha ndani (mirrorless), hivyo DSLR zilizotumika zimejaa sokoni. Usitarajie lenzi mpya nyingi za mfumo huu, ila zilizopo hazitakuishia: mdomo (sehemu ya bodi inapofungwa lenzi) wa Canon EF upo tangu 1987, na ule wa Nikon F tangu 1959.

Megapikseli zisikusumbue. Sensa (kipande cha ndani ya bodi kinachopokea mwanga) ya megapikseli 18 inatoa picha ya pikseli 5184 kwa 3456, inayotosha kuchapishwa kwa upana wa sentimita 44 kwa ubora wa juu. Ile ya 24 inafika kama sentimita 51. Kwa picha za kutazamwa kwenye simu hutaona tofauti kabisa.

Bodi: mitego iko kwenye jina la modeli

Kwanza, kamera moja huwa na majina tofauti kulingana na soko. Canon 2000D ndiyo hiyohiyo 1500D na Rebel T7. 250D ndiyo 200D Mark II na Rebel SL3. Kabla ya kulinganisha bei, hakikisha hulinganishi kamera na pacha wake.

Kwa Nikon, jambo la kujua ni mota ya fokasi, ile inayosogeza vioo vya lenzi hadi unacholenga kiwe na makali. Bodi za D3000 hadi D3500, na D5000 hadi D5600, hazina mota hiyo ndani. Zinategemea mota iliyo kwenye lenzi, kwa hiyo lenzi yake lazima iwe imeandikwa AF-S au AF-P. Lenzi ya zamani ya AF au AF-D, kwa mfano 50mm f/1.8D inayouzwa rahisi, itafunga vizuri na kupiga picha, lakini fokasi utaizungusha kwa mkono kila mara. Bodi kama D90, D7000, D7100 na D7200 zina mota, na pia kitundu cha kutazamia kikubwa na chenye mwanga zaidi, ila ni nzito.

Mtego wa pili wa Nikon huwanasa hata wauzaji. Lenzi za AF-P hazifanyi fokasi kabisa kwenye D3100, D3200, D5100, D7000 wala D90, hata kwa mkono, kwa sababu pete yake ya fokasi inaendeshwa kwa umeme na bodi hizo hazijui kuiamrisha. D3300 na D5300 zinaielewa baada ya kusasishwa programu ya ndani. Ukiona D3200 inauzwa pamoja na lenzi ya AF-P, mtu ameunganisha vitu viwili visivyoelewana.

Canon ni rahisi hapo: lenzi yoyote ya EF au EF-S yenye fokasi ya kujiendesha itafanya kazi kwenye bodi yoyote ya ngazi ya kuanzia. Mitego yake iko kwenye vitu vilivyopunguzwa ili bei ishuke. 4000D ina mdomo wa plastiki badala ya chuma, na haina kirekebishi cha macho pembeni ya kitundu cha kutazamia. Mvaa miwani atajuta. Na kwenye 2000D, 4000D na 250D, mahali pa kuchomeka flashi juu ya kamera hapana ile pini ya katikati. Flashi ya bei nafuu isiyo ya Canon, au kifaa cha kuwashia flashi kwa mbali kinachotegemea pini hiyo, havitawaka. Kama unafikiria kupiga picha kwa flashi za pembeni siku zijazo, 1300D au 700D iliyotumika ni chaguo bora kuliko 2000D mpya. Ndiyo, ya zamani kuliko mpya.

Kwa video, tafuta Canon yenye fokasi ya Dual Pixel: 200D, 250D, 800D au 70D. Zinafuata sura ya mtu kwenye skrini kwa utulivu. Nikon za ngazi hii hupapasa fokasi mbele na nyuma ukiwa unarekodi, na D3400 na D3500 hazina hata tundu la maikrofoni, ingawa D3300 iliyotangulia ilikuwa nalo.

Pentax zina faida ya kutuliza mtikisiko ndani ya bodi, hivyo hata lenzi kuukuu inatulizwa. Lakini K-30 na K-50 zina ugonjwa unaofahamika: kisukumio cha sumaku kinachoongoza apecha, yaani tundu la kupitisha mwanga, hudhoofika, picha zikaanza kutoka nyeusi. Mara nyingi dalili huonekana kwenye picha za kwanza baada ya kamera kupumzika siku kadhaa, kwa hiyo muuzaji aliyeipasha moto kabla hujafika anaweza kukuficha.

Kwa picha za kawaida, bila kuzunguka sana: Nikon D3300, D5300 au D3500, Canon 700D au 200D.

Lenzi ndiyo inayoamua

Lenzi ya kuanzia ya 18-55mm si mbaya mchana. Shida yake ni apecha: ukivuta hadi 55mm, tundu halifunguki zaidi ya f/5.6 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Lenzi ya f/1.8 inapitisha mwanga karibu mara kumi zaidi. Kwa vitendo, pale ambapo lenzi ya kuanzia inakulazimisha kupiga kwa sekunde 1/10, na mtoto anayecheza anatoka kama kivuli, lenzi ya f/1.8 inakupa 1/100 kwa ISO (kipimo cha wepesi wa sensa kwa mwanga) ileile. Hakuna bodi ya bei ya chini itakayokupa tofauti hiyo.

Kwa hiyo lenzi ya pili, au hata ya kwanza kabisa, iwe ya f/1.8 isiyo na zumu. Kwa Nikon chukua AF-S DX 35mm f/1.8G. Kwa Canon iliyo nafuu ni EF 50mm f/1.8 STM, lakini kumbuka sensa ya bodi hizi ni ndogo kuliko filamu ya 35mm: kwa Canon unazidisha urefu wa lenzi kwa 1.6, kwa Nikon kwa 1.5. Hiyo 50mm inakuwa kama 80mm. Ni tamu kwa picha ya mtu mmoja, lakini kwenye chumba kidogo utarudi nyuma hadi mgongo uguse ukuta na bado familia haitaenea. Kwa kazi ya ndani, EF-S 24mm f/2.8 STM itakufaa zaidi ingawa tundu lake ni dogo.

Ukichukua 18-55mm, soma maandishi ya mbele ya kioo chake. Canon yenye herufi IS, au Nikon yenye VR, inatuliza mtikisiko wa mkono. Ile ya Canon iliyoandikwa III peke yake, bila IS, haitulizi kitu, na ndiyo inayojazwa kwenye maboksi ya bei ya chini kabisa. Vivyo hivyo, usivutiwe na boksi la lenzi mbili lenye Canon 75-300mm III. Haina kituliza mtikisiko, na ukivuta hadi mwisho picha inakuwa laini kama imepakwa mafuta. EF-S 55-250mm IS STM iliyotumika inaishinda kwa mbali. Vile vioo vya "kupanua" vinavyofungwa mbele ya lenzi kwa skrubu, vichujio vya rangi na stendi nyepesi kama fito ni vya kujazia boksi tu. Usivilipie.

Nusu saa ya ukaguzi

Nenda na kadi yako, tochi ya simu na gazeti. Muuzaji asiyekuruhusu kufanya haya, mshukuru uondoke.

Anza na lenzi. Ifungue, uimulike kwa tochi kutoka nyuma huku ukitazama mbele, kisha geuza. Vumbi kidogo ni kawaida na halionekani kwenye picha. Nyuzi nyembamba zinazotambaa kama mizizi ni fangasi. Usinunue, hata kwa bei ya kutupa, kwa sababu hula tabaka la kioo. Ukungu mweupe unaoenea kote hupunguza makali ya picha kila taa inapokuwa mbele. Zungusha zumu mwanzo hadi mwisho ukipiga picha kila hatua. Canon ikionyesha Err 01, futa vidoti vya chuma vya umeme nyuma ya lenzi kwa kitambaa kikavu. Kosa likirudi kwenye sehemu fulani tu ya zumu, utepe wa umeme ndani ya lenzi umechakaa, na kuukarabati mara nyingi kunazidi thamani ya lenzi yenyewe.

Sensa: weka f/16, ISO 100, fokasi ya mkono isiyo sahihi, upige ukuta mweupe huku ukisogeza kamera polepole. Madoa yanayobaki palepale picha baada ya picha ni uchafu wa sensa. Kipulizio cha mpira huondoa mengi; yasipotoka huenda ni mafuta au mkwaruzo, na hapo bei ishuke au uache. Kisha funika lenzi, uzime kipengele cha kupunguza chenga kwa picha za muda mrefu (kikiwa kimewashwa huficha unachokitafuta), upige sekunde 10. Vinukta vichache vyenye rangi si tatizo. Vikionekana hata kwenye picha ya 1/60, sensa imechoka.

Shata, pazia linalofunguka kupitisha mwanga kwenye sensa, hujulikana kwenye kasi ya juu. Toka kwenye mwanga wa kutosha, weka 1/4000, piga mara kumi. Picha yenye mkanda mweusi upande mmoja, au iliyo nusu giza, inaonyesha pazia la shata linachelewa. Idadi ya picha zilizopigwa husaidia pia. Nikon huiandika ndani ya faili la kila picha, hivyo muuzaji akisema "imetumika mara chache" chukua faili moja ulisome kwa programu ya kusoma data za picha. Canon za ngazi hii hazifanyi hivyo. Unahitaji programu maalumu na waya, na si kila modeli hujibu. Shata ya D3500 ilijaribiwa kwa mizunguko 100,000, basi yenye 30,000 bado ni kijana. Ila usiabudu namba: kamera yenye picha 2,000 iliyolala miaka mitano kwenye kabati lenye unyevu inaweza kuwa mbovu kuliko ya mpiga picha wa harusi.

Fokasi: tandaza gazeti mezani, simama kwa mshazari, fungua apecha hadi mwisho, lenga mstari mmoja kwa nukta ya katikati kupitia kitundu cha kutazamia. Rudia kupitia skrini. Kama picha ya skrini ina makali pale ulipolenga na ya kitundu ina makali mbele au nyuma, kamera na lenzi hazilingani, na bodi nyingi za ngazi ya kuanzia hazina menyu ya kusahihisha. Inabidi ziende kwa fundi.

Malizia kwa kubonyeza kila kitufe, kuinua flashi ndogo na kuiwasha, na kuchungulia pini za sehemu ya kadi. Betri iliyotuna ikae hapohapo dukani.

Vitu vidogo

Betri ya pili inunuliwe kwa jina sahihi: LP-E10 kwa Canon 1100D hadi 2000D na 4000D, LP-E8 kwa 550D hadi 700D, LP-E17 kwa 200D, 250D na 800D, EN-EL14a kwa D3300 hadi D3500 na D5300 hadi D5600. Zisizo za kiwanda hufanya kazi, ila baadhi ya bodi huzikataa au hazionyeshi chaji iliyobaki. Kadi mbili za SD za GB 32 ni salama kuliko moja kubwa. Picha ya RAW (faili ghafi la sensa) ya megapikseli 24 ni kama MB 25, kwa hiyo kila kadi inabeba zaidi ya elfu moja. Zifomati ndani ya kamera, si kwenye kompyuta.

Ukishafika nayo nyumbani, rudisha mipangilio yote ya kiwandani na ufute jina la mmiliki wa zamani kwenye menyu ya hakimiliki. Kisha zungusha kile kigurudumu kidogo pembeni ya kitundu cha kutazamia, ukiangalia namba zilizo chini ya picha, si mandhari, hadi namba zisomeke vizuri. Kamera nyingi hurudishwa dukani kwa "fokasi mbovu" wakati kigurudumu hicho kilikuwa kimeachwa kwenye macho ya mtu mwingine.