Somo: Namna ya kujaribu pendekezo la kituo cha utafiti katika shamba lako

Vituo vya utafiti wa kilimo vinavyoendeshwa kwa fedha za umma hutoa mapendekezo kuhusu mbegu, samadi, matandazo na mzunguko wa mazao, lakini pendekezo lililofaulu kituoni bado ni ahadi tu kwako mpaka ulione katika udongo wako. Jaribio hili linahitaji kamba, mizani na daftari.

Hatua ya 1. Chagua jambo moja, tuseme mbegu mpya. Ukibadilisha mbegu na mbolea kwa pamoja, hutajua ni kipi kilicholeta mavuno.

Hatua ya 2. Pima udongo. Chota katika sehemu 15 hadi 20, kina cha sentimita 20, uchanganye katika ndoo ya plastiki, kwa kuwa ndoo ya bati huweza kuacha zinki kwenye sampuli, kisha anika nusu kilo kivulini na uipeleke maabara.

Hatua ya 3. Gawa vipande. Hapa ndipo wengi tunapojidanganya, kwa kuwa mkono hupeleka mbegu mpya penye rutuba na kuiachia ya zamani kona iliyochoka. Tenga makundi 4, kila moja likiwa na vipande viwili vya mita 7 kwa 12 vilivyo kwenye usawa mmoja wa mteremko, halafu rusha sarafu katika kila kundi ili kuamua kipi kipate mbegu mpya. Kura hiyo si mchezo: R. A. Fisher, mtaalamu wa takwimu aliyeanza kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, mwaka 1919, ndiye aliyeifanya kuwa msingi wa majaribio ya shambani.

Hatua ya 4. Panda, palilia na vuna vipande vyote vya kundi moja siku ileile.

Hatua ya 5. Pima mavuno. Acha mita moja kila upande, uvune mita 5 kwa 10 za katikati; kilo ulizopata ukizidisha kwa 200 ni kilo kwa hekta. Nafaka iwe imekauka: tia punje na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, utikise, na chumvi ikinata kwenye kioo, rudisha nafaka juani kabla ya kuipima.

Maswali ya wanachama

Swali: Kampuni nazo hutafiti. Kwa nini serikali igharimie?

Jibu: Kampuni huuza mbegu na mbolea, lakini mzunguko wa mazao haufungwi kwenye pakiti. Tena kuna maswali yanayodai subira ya vizazi. Shamba la Broadbalk huko Rothamsted limejaribiwa ngano tangu 1843, na lina kipande kisichowekwa mbolea wala samadi, ambacho ndicho kipimo cha vingine vyote. Marekani nayo ilipitisha sheria mwaka 1887 ya kugharimia kituo cha majaribio katika kila jimbo. Mimi naona hiyo ni miongoni mwa matumizi bora ya kodi.

Swali: Mbegu mpya imeshinda katika makundi matatu, ikashindwa katika moja. Nihukumu vipi?

Jibu: Usihukumu bado. Angalia kwanza daftari kama kundi hilo lilituamisha maji au lilishambuliwa na wadudu, kisha rudia msimu ujao, kwa sababu msimu mmoja hukuonyesha mvua ya mwaka huo zaidi ya mbegu.

Swali: Matokeo yangu yanapingana na ya kituo. Je, walikosea?

Jibu: Huenda udongo wako una asidi zaidi, au ulipanda wiki mbili baadaye. Mpelekee afisa ugani daftari lako pamoja na majibu ya maabara, ukiwa umeandika tarehe zote, ili watafiti wajue pendekezo lao linakwama wapi.